Kiharusi kimoja, dalili mbalimbali: ubongo wetu umekaaje humo kichwani

Kila mtaa una mzee aliyepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala na ulimi nao ukagoma, na pembeni yake kuna mwengine aliyepata kiharusi hicho hicho lakini kimempiga kushoto na maneno yote anayo, anabishana mpira kwenye baraza kama zamani. Presha ile ile, umri ule ule. Watu wakiwaona wanaanza, huyu kapigwa na upepo mbaya, yule katupiwa kitu, na yule wa tatu ambae anaongea sana lakini haeleweki basi huyo ndo kabisa, kachanganyikiwa, apelekwe Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi kwenye mambo ya majini siingii, kila mtu na itikadi yake, ila tofauti za hao watatu zinaelezeka vizuri tu ukishajua kwamba ubongo si donge moja linalofanya kazi zote kwa pamoja. Kila pahala pana kazi yake, na ugonjwa ukitua pahala fulani unaondoka na kazi ya pale na kuziacha nyengine zikiendelea.

Skuli tulichorewa ubongo mkubwa, ubongo mdogo na medula, tukakariri, tukapata maksi zetu, basi. Tabu ya kukariri ni kuwa majina yanabaki majina. Njia nzuri zaidi, na ndo waliyopitia madaktari wenyewe zile zama hakuna mashine ya kupiga picha, ni kumtizama mtu kapoteza nini halafu kuja kuangalia ni wapi kwenye ubongo wake pameharibika. Kabla ya hapo walikuwa wanabahatisha. Ibn Sina, tabibu wa zamani ambae kitabu chake cha tiba, Qanun, kilisomeshwa karne na karne Uarabuni na Ulaya, alifuata fikra ya zamani kuwa akili zimekaa kwenye vyumba vyenye maji vilivyo katikati ya ubongo, kutambua vitu chumba cha mbele, kumbukumbu chumba cha nyuma. Vyumba vipo kweli na nitavifikia mwisho, ila kazi yake sio hiyo. Lakini ile rai kuwa kazi mbalimbali zina pahala mbalimbali, hapo wazee hawakukosea.

Waliowahi kupasua kichwa cha mbuzi Sikukuu ya Mfunguo Tatu nusu ya ramani wameshaiona. Lile bongo lenye mikunjo, mapande mawili kulia na kushoto, hilo ndo ubongo mkubwa. Nyuma yake kuna kidonge kidogo chenye mistari myembamba myembamba, huo ubongo mdogo. Chini pana mkia mnene unaokwenda shingoni, ndo shina la ubongo, na likishatoka kwenye fuvu linaendelea kuwa ule ugwe wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Sie tuna vitu hivyo hivyo. Tofauti ni kuwa ubongo mkubwa wa binaadamu umekua ukafunika kila kitu, ubongo wote wa mtu mzima ni kilo 1.3 mpaka 1.4 hivi, na ubongo mdogo umejificha chini yake kwa nyuma, usawa wa pale kofia inapoishia kisogoni.

Tuanze na kulia na kushoto mana ndo panapowachanganya wengi. Neva zinazotoka ubongo mkubwa kwenda kuamrisha mikono na miguu zinashuka mpaka mwisho wa shina la ubongo, zikikaribia shingo nyingi yake zinavuka kwenda upande wa pili, za kushoto zinakwenda kulia na za kulia kushoto. Kwa hiyo yule mzee aliyelala mkono wa kulia ugonjwa wake upo kushoto mwa kichwa. Na mkono wenyewe hauna ugonjwa! Nyama nzima, mifupa mizima, damu inapita, kinachokosekana ni amri. Ndo mana unaweza kuukanda kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni usiinuke. Sisemi watu waache kukanda, mkono usiotumika unakakamaa na kukanda kunasaidia hapo, lakini kinachorudisha nguvu khasa ni mazoezi ya kila siku, mana yanazifundisha zile sehemu za ubongo zilizosalimika kushika kazi za jirani yake aliyekufa.

Sasa gamba la nje la ubongo, wenyewe wanaita korteksi. Unene wake milimita 2 mpaka 4 tu, na karibu kila kitu tunachokiita akili, kuona, kusikia maana, kupanga, kusema, kimo kwenye unene huo. Ukilitandaza lote linafika sentimita za mraba 2,000 na zaidi, fuvu la ukubwa huo lingekuwa balaa kwa mama zetu siku ya kujifungua, basi limekunjwakunjwa kama kanga uliyoishindilia kwenye mkoba mdogo wa safari. Gamba ni la kijivu kwa sababu ndo kwenye seli zenyewe, ndani yake ni kweupe kwa sababu ndo inakopita mikia mirefu ya seli hizo, ambayo imevikwa mafuta yanayoifanya ipeleke umeme mbio. Mapande mawili, la kulia na la kushoto, yameunganishwa kati kwa fungu la nyuzi zinazokadiriwa milioni 200, ndo mana mkono wa kulia unajua kinachofanywa na wa kushoto.

Na kila pande lina sehemu nne, na huna haja ya majina ya Kilatini, shika tu kichwa chako mwenyewe: paji, utosi, panja, kisogo.

Kisogo ni cha kuona. Ndio, macho yapo mbele na kuona kupo nyuma kabisa, jicho linapokea mwanga tu, picha inatengenezwa kisogoni, na ukipigwa kisogo ukaona nyota ni kwa sababu zile seli zimetikiswa zikawaka bila ya jicho kuona chochote. Mtu akipata kiharusi kisogoni upande mmoja, macho yote mawili mazima, ukimpima kwa daktari wa macho hana kitu, lakini nusu ya dunia upande mmoja haipo, anajigonga milango kila siku na watu wanasema mzee kazidi haraka.

Utosi kuna hisia za mwili, kujua kidole kimeguswa na nini bila ya kutizama, na kujua wewe uko wapi na vitu viko wapi. Hapa kuna jambo moja la ajabu ambalo kama hujaliona hutaamini. Akiumia utosi wa kulia, mtu anaweza akausahau upande wa kushoto wa dunia. Sio kuwa haoni, haujali, haumo kwenye hesabu yake. Umtengee sahani ya wali anakula nusu ya kulia anaacha ya kushoto anasema mbona mmenipa kidogo, ukiizungusha sahani anashangaa chakula kimetoka wapi. Ananyoa ndevu upande mmoja. Wengine ukimwonesha mkono wake wa kushoto uliopooza anakwambia huu si wangu. Kwenye sinia la watu wengi huwezi kumgundua kirahisi mana kila mtu anakula mbele yake, ila mkewe nyumbani anajua kuna kitu.

Panja, hapa juu ya sikio, ni kusikia na kuelewa, na hapa ndo tunamkuta yule mzee wa tatu. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa Paul Broca alikuwa na mgonjwa ambae kwa miaka alikuwa akiulizwa chochote anajibu "tan, tan", mpaka jina likawa hilo, Tan. Anaelewa unachomwambia, ulimi unatembea, midomo haijapooza, lakini maneno hayatoki. Alipofariki Broca akautizama ubongo wake akakuta pameharibika paji la kushoto, sehemu ya chini, karibu na panja. Baadae mwaka 1874 Mjarumani Carl Wernicke akaeleza ugonjwa wa kinyume chake, pahala pa nyuma zaidi, panja la kushoto kwa juu. Hawa wa Wernicke wanaongea bila kukwama, kwa lafidhi safi na mikono inakwenda, ila maneno hayana maana au ni maneno yasiyokuwepo kabisa, na wao wenyewe hawajijui, na unachowaambia hakiingii. Mtu kama huyo akiamka asubuhi hivyo ghafla, hana homa, hana historia ya maradhi ya akili, nyumba nzima itasema kapata wazimu. Nasema wazi, mzee wa miaka sitini mwenye presha hapati wazimu kati ya isha na alfajiri, huyo ni wa hospitali kwanza, tena mbio.

Na kuna hili linalowatoa watu machozi. Mgonjwa wa aina ya Tan, asiyeweza hata kusema "nipeni maji", unaweza kumsikia anasoma Alhamdu yote bila ya kukosea, au anahesabu moja mpaka kumi, au anaimba taarabu ya zamani anayoijua, au (samahani) anatoa tusi zito akikasirika. Familia inasema kumbe anajifanya. Hajifanyi. Kutunga sentensi mpya ni kazi ya pale palipokufa, lakini maneno yaliyokaririwa tangu utotoni yanaweza kutoka kwa njia nyengine, pamoja na upande wa kulia na sehemu za ndani kabisa. Watu wengi sana lugha yao imekaa kushoto, kwa wanaotumia mkono wa kulia ni zaidi ya tisini kwa mia, ndo mana kulala mkono wa kulia na kupotea ulimi vinakwenda pamoja mara nyingi, na wa kushoto wakabaki na maneno yao.

Paji ni kubwa kuliko zote na lina mambo mawili. Nyuma yake kabisa, panapopakana na utosi, kuna ukanda unaokwenda kutoka juu mpaka karibu na sikio, ndo unaoamrisha misuli. Kila kiungo kina kipande chake pale, na vipande havikugawiwa kwa ukubwa wa kiungo bali kwa ufundi wake, vidole na midomo vimechukua eneo kubwa, mgongo mzima kidogo tu. Fundi wa kuchonga milango ya Kizanzibari anautegemea ukanda huo kuliko msuli wa mkono.

Mbele ya ukanda huo, nyuma ya paji lenyewe, ndo pahala pa kujizuia, kupanga, kujua hili lisemwe na hili lisisemwe mbele za watu. Kisa maarufu ni cha Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli huko Vermont, Marekani. Septemba 1848 baruti ililipuka, mtarimbo wa chuma wa urefu wa zaidi ya mita moja, uzito wa kilo sita, ukamwingia chini ya shavu la kushoto ukatokea juu ya kichwa na kwenda kuanguka mbali. Hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa akiongea, akapandishwa gari ya ng'ombe kurudishwa mjini alikokuwa akikaa, daktari akamfuata huko. Aliona, akasikia, akatembea, na daktari wake Harlow akaandika kuwa mtu mpole mwenye kuaminika karudi mwengine, matusi, haambiliki, mipango kumi kwa siku hamalizi hata mmoja, na rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Watu husita hapo, lakini kisa kina upande wa pili, baadae alikwenda Chile akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi kwa miaka, kazi isiyofanyika kama huna akili zako, akafariki 1860. Yani hata paji hujifunza upya. Na kwa vijana wetu paji ndo sehemu ya mwisho kukomaa, inaendelea mpaka miaka ishirini na kitu, ukimwona wa miaka kumi na saba anainua tairi la mbele la pikipiki barabara ya Amani jua injini ya kujitia hatarini ipo tayari na breki bado.

Kabla hatujaingia ndani, yale ya kuwa binaadamu anatumia asilimia kumi tu ya ubongo wake ni uongo mtupu, wauzaji wa semina wanayapenda. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ukiwa umekaa tu, kitu kinachokula hivyo hakikai bure, na ingekuwa tisini haina kazi basi viharusi vingi visingemuumiza mtu. Na ile ya kuwa fulani ni mtu wa ubongo wa kulia, msanii, na fulani wa kushoto, mhasibu, nayo hivyo hivyo, pande zote mbili zinafanya kazi pamoja kwa kila mtu.

Ndani ya panja, ukienda kati, kuna kitu kimejipinda kila upande, hipokampasi, na ndo mlango wa kumbukumbu mpya. Hili limejulikana kwa bahati mbaya ya kijana wa Kimarekani Henry Molaison, alikuwa na kifafa kikali, mwaka 1953 daktari akamtoa sehemu hizo pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana. Lakini kutoka siku hiyo mpaka kufa kwake 2008 hakuweza kuweka jambo jipya, unaongea nae, unatoka nje, unarudi anakwamkua kama hajawahi kukuona. Ya utotoni anayakumbuka, adabu anayo, akili ya kufikiri anayo. Sasa bi Brenda Milner aliyekuwa akimchunguza akampa kazi ya kuchora nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu, jaribu uone, na siku baada ya siku yule bwana akawa anazidi kuiweza huku anaapa hajawahi kuifanya. Maana yake kumbukumbu za mikono hazipiti mlango ule. Ndo mana bibi anaesahau majina ya wajukuu zake bado anasuka ukili bila kukosea.

Mbele ya hipokampasi kuna amigdala, ya khofu na kushtuka. Na katikati kabisa, chini, kuna haipothalamasi, ina gramu 4 hivi, na mwezi wa Ramadhani ndo inayofanya kazi ngumu kuliko sote. Yenyewe inaonja damu. Alasiri ukiwa umefunga, maji mwilini yamepungua, chumvi kwenye damu inapanda kidogo, asilimia moja mbili tu, haipothalamasi imeshajua. Inakupa kiu, na papo hapo inapeleka homoni kupitia tezi ndogo inayoning'inia chini yake kuziambia figo zizuie maji, ndo mana mkojo wa alasiri unakuwa mchache na wa rangi kali. Joto la mwili, njaa, usingizi, saa ya mwili inayofuata mwanga wa jua, yote humo. Wiki ya kwanza ya daku kichwa kinakuwa kizito mana hiyo saa bado haijakubali ratiba mpya.

Ubongo mdogo wengi wanaudharau kwa jina. Uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo, lakini ubongo mzima unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86, hesabu iliyofanywa na Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake mwaka 2009, na katika hizo bilioni 69 hivi zimo kwenye huo mdogo. Kazi yake ni kuupima mwendo. Wewe unasema nataka kunyanyua kikombe, wenyewe unahesabu nguvu kiasi gani, wakati gani kusimama, usimwage chai. Kuendesha baskeli, kuvua kwa mshipi, kupanda mnazi, mkwezi hafikirii mguu wa kulia uende wapi. Ukiumia, mtu hapoozi, nguvu zote anazo, ila anayumba kama mlevi na mkono unapita shabaha, na hapa pana kitu cha kuangalia, huu hauvuki, ukiumia ubongo mdogo wa kulia kinachoyumba ni kulia hapo hapo. Kuna kiharusi cha hapa ambacho watu wanakipuuza kabisa, mtu kaamka na kizunguzungu kikali, anatapika, hawezi kusimama, wakasema malaria au kala kitu kibaya.

Shina la ubongo halina mengi ya kusimulia kwa sababu likiharibika vibaya hakuna wa kusimulia. Kupumua, mapigo ya moyo, kumeza, kuwa macho, vyote vimo kwenye kitu cha unene wa kidole gumba.

Sasa damu, ndo panapojibiwa lile swali la wale wazee wawili. Mishipa minne inapanda kichwani, miwili mbele ya shingo unayoweza kuigusa ikipiga na miwili iliyopita ndani ya mifupa ya shingo, inakutana chini ya ubongo na kufanya duara, alilolieleza Thomas Willis wa Uingereza mwaka 1664. Kwenye duara inatoka mishipa mitatu mikubwa kila upande, na ule wa kati ndo unaozibwa mara nyingi. Huo wa kati unalisha nini? Ule ukanda wa amri sehemu ya uso na mkono, na kwa upande wa kushoto sehemu zote mbili za lugha. Mguu umekaa juu kati na unalishwa zaidi na mshipa wa mbele. Basi umeshamwona mzee wetu wa kwanza, mdomo umekwenda upande, mkono umekufa, maneno hakuna, mguu una nafuu kidogo anaweza kujikokota. Mshipa huo huo ukizibika kulia anabaki na maneno yake, lakini mpe sahani umwangalie.

Kiharusi kiko cha aina mbili, mshipa umezibwa na donge la damu au mshipa umepasuka damu imemwagika, na kwa macho huwezi kuvitenganisha, mpaka picha ya kichwa ya CT skani. Kwa hiyo ile ya kukimbilia kumpa aspirini nyumbani iacheni, ikiwa ni cha kupasuka umezidisha. Usimlishe wala usimnyweshe, hata maji ya zamzam yasubiri kwanza, mana kumeza kunaweza kuwa kumepooza na kitu kikaingia mapafuni. Angalia saa dalili zilipoanza uikumbuke, dawa ya kuyeyusha donge pale inapopatikana inapewa ndani ya saa 4 na nusu tu, na ukiwa Micheweni au Makangale huko Pemba safari yenyewe tayari imo kwenye hesabu hiyo.

Nje ya ubongo kuna utando wa namna tatu, mgumu uliogusana na fuvu, wa kati kama utando wa buibui, na mwembamba uliojibandika kwenye ubongo wenyewe. Ugonjwa tunaouita homa ya uti wa mgongo ni maambukizi kwenye tando hizi. Na ubongo wenyewe hausikii maumivu, kichwa kinapouma kinachouma ni tando, mishipa na misuli, ndo mana kuna operesheni za ubongo mgonjwa yuko macho anaongea na daktari.

Utando mgumu ndo wenye kisa cha Pemba. Msimu wa karafuu watu wanaanguka, mkarafuu mzee unafika mita kumi na zaidi na tawi lake halina huruma. Mtu kaanguka, kapiga panja, kapoteza fahamu kidogo, kaamka, kacheka, kanywa maji, anasema niko sawa tuendelee, na baada ya saa mbili tatu kichwa kinauma vibaya, anatapika, anasinzia, hawaamki nae tena. Watu wanasema kafikwa na jambo mkarafuuni. Kilichotokea ni hivi: mfupa wa panja ni mwembamba, na nyuma yake kwenye utando mgumu kuna mshipa wa damu umepita, mfupa ukivunjika unaukata. Damu inajikusanya baina ya fuvu na utando, pole pole, mwanzo ubongo unastahamili, halafu nafasi inakwisha, fuvu halitanuki, na shina la ubongo linaanza kusukumwa chini. Katika majeraha yote ya kichwa hili ni miongoni mwa yanayotibika vizuri zaidi, wanatoboa fuvu wanaitoa damu, na Unguja pale Mnazi Mmoja kuna kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Uhispania. Lakini lazima afike akiwa bado hajazimika. Aliyeanguka akapoteza fahamu hata dakika moja asiachwe alale peke yake kwa kuwa kasema yuko sawa. Kwa wazee damu inaweza kuvuja kidogo kidogo kwa wiki nzima na zaidi baada ya kujigonga tu kwenye kizingiti, watu wakadhani ni uzee unaongezeka.

Yamebaki maji, na vile vyumba vya Ibn Sina. Vyumba ni vinne, na kuta zake zinatengeneza maji safi meupe, kama mililita 500 kwa siku, wakati nafasi iliyopo ni ya 150 hivi, kwa hiyo yanatengenezwa, yanazunguka ubongo na ugwe wa mgongoni, yananyonywa kurudi kwenye damu, na mapya yanakuja, mara tatu na zaidi kwa siku. Ubongo unaelea humo, uzito wake wa kilo na kitu unabaki kama gramu 50, bila ya hivyo ungejiponda kwa uzito wake mwenyewe. Njia ya maji ikiziba kwa mtoto mchanga ambae mifupa ya fuvu haijashikana ndo unaona kichwa kinakua kupita kiasi, na tiba ni kupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi kutoka kwenye chumba mpaka tumboni maji yanyonywe huko, wanaacha mpira mrefu umejikunja ili mtoto akirefuka usikatike.

Na maji haya haya ndo daktari anayoyataka anaposema mgonjwa atolewe maji ya mgongo, akitafuta kama ni homa ya uti wa mgongo na ni mdudu gani, na hapa ndo familia nyingi zinakataa kwa kuwa zimesikia ukitolewa maji unapooza. Tizama mpangilio. Ule ugwe wa neva haufiki chini ya mgongo, kwa mtu mzima unaishia usawa wa juu kidogo ya kiuno, baada ya hapo ni mfuko wa maji tu wenye nyuzi za neva zilizolegea zinazoelea, na sindano inaingia huko chini, chini kabisa ya ulipoishia ugwe, nyuzi zikiguswa zinasogea pembeni. Ni eneo hilo hilo wanalochomwa mama zetu sindano ya ganzi ya operesheni ya uzazi na wakaondoka na miguu yao. Kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu, hilo kweli lipo. Lakini wanachotoa ni mililita chache, na kwa mwendo unaotengenezwa, kama mililita ishirini kwa saa, yaliyotoka yanakuwa yameshajazwa kabla mgonjwa hajaletewa uji wake wa jioni.